Nani Aliyachora Maua ya Shinyanga?

Ukitaka kuiona mimea iliyochumwa Unyamwezi na Uzinza mwaka 1861, huna budi kufunga safari hadi Uingereza. Iliyokaushwa imo katika bustani ya Kew, London. Picha za rangi za maji zilizochorwa wakati mimea hiyo ikichumwa zimo katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh. Sisi tuliozaliwa juu ya udongo ule ule, kuanzia Kahama hadi Geita na huku kwetu Kolandoto, Shinyanga, tunayo maua yenyewe kila mvua inaponyesha, lakini picha zake hatuna.

Nimefanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote ya utumishi, na tangu nistaafu nachora maua katika kaunta buku, ukurasa mmoja ua moja, na maelezo pembeni. Watu wanaona ni burudani ya mstaafu. Mimi naiona ni kazi iliyocheleweshwa mno. Kabla yangu wapo waliochora na kuandika mimea ya nchi hii, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Nawasimulia hapa kwa mpangilio wa miaka, maana ukijua kazi yao ilikwenda wapi utajua pia kwa nini naisisitiza yangu.

Wa kwanza ninayemfahamu ni James Augustus Grant, Mskoti, ofisa wa jeshi la Waingereza huko India. Aliondoka Zanzibar Septemba 1860 pamoja na John Hanning Speke kwenda kutafuta chanzo cha mto Nile. Speke alikuwa ameshapita kwetu. Mwaka 1858 alitoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, akakata nchi ya Usukuma kupitia Salawe na Nindo, akaliona ziwa Mwanza tarehe 3 Agosti. Lakini Speke alikuwa mtu wa bunduki na ramani. Aliyeinama chini kutazama majani alikuwa Grant.

Walipokuwa bado Zanzibar, Grant alipiga picha kwa kamera. Vyombo vya kamera siku hizo vilikuwa mzigo mzito wa vioo na dawa, na kazi hiyo katika joto ilikuwa ngumu mno, basi wakaiacha. Grant akashika penseli na brashi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejeruhiwa vitani Lucknow, India, mwaka 1857, na kwa mwili huo alichora watu, vijiji, mandhari na mimea kutoka pwani hadi Misri.

Mwaka 1861 safari yao ilikwama huku kwetu. Wapagazi walikosekana, vita kati ya watemi na wafanyabiashara wa Kiarabu vilifunga njia, na Speke akatangulia kaskazini kutafuta watu wa kubeba mizigo. Grant alibaki Ukuni, upande wa Kahama ya leo, kwa miezi kadhaa, akiwa mgeni wa mtemi Ukulima. Hapo ndipo alipopata muda. Apitaye njia hachori. Huchora yule aliyekaa. Alitazama wanawake wakitwanga, vijana wakicheza, mashamba yakivunwa, na mimea iliyozunguka boma. Alikausha matawi na maua katikati ya karatasi, akaandika mahali, mwezi, na matumizi aliyoambiwa na wenyeji. Septemba mwaka huo alipoondoka, watu wa mtemi Myonga wa Msalala waliushambulia msafara wake na kupora mizigo. Hata hivyo makaratasi mengi ya mimea yalifika salama Uingereza. Mwaka 1872 Chama cha Linnaeus cha London kilianza kuchapisha orodha na michoro ya mimea hiyo, ikiwa imeainishwa na Daniel Oliver, mtaalamu wa Kew.

Katika habari hiyo kuna jambo ambalo kila mtu wa Msalala, Kahama au Geita anastahili kulijua. Makaratasi yale yalibebwa na watu weusi, vichwani na mabegani, chini ya usimamizi wa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa ameuzwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India. Maelezo ya kwamba mti huu unatafunwa kwa kikohozi na mzizi ule unatoa rangi yalitoka vinywani mwa wenyeji. Mimea ikapewa majina ya Kilatini, na wale waliofundisha hawakuandikwa. Simlaumu Grant peke yake. Ndivyo elimu ya wakati ule ilivyokuwa. Lakini ndipo pengo letu lilipoanzia.

Je, Wasukuma wenyewe hawakuchora? Walichora. Chama cha Bayeye, waganga na wacheza nyoka, kilikuwa na desturi ya kupamba kuta za ndani ya nyumba walimofundishia waliojiunga. Walichora nyoka, watu, nyota na viumbe vya hadithi za chama, kwa rangi za udongo, majivu na mkaa. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa akitumikia serikali ya Tanganyika na kuandika juu ya sheria na mila za Wasukuma, alizinakili picha hizo na kuzitolea kitabu mwaka 1953. Bayeye walikuwa mabingwa wa mimea, kwani dawa ya sumu ya nyoka ni majani na mizizi. Ila elimu ya mimea waliiweka kichwani na mkononi, na ukutani wakaweka nyoka. Nyumba ya udongo ikibomoka, picha hubomoka nayo. Mzee akifariki, majina ya dawa huzikwa naye. Kwa hiyo tulikuwa na wachoraji, tulikuwa na wajuzi wa mimea, na mara nyingi walikuwa watu wale wale. Kilichokosekana ni daftari.

Daftari lilikuja na mbung'o. Baada ya sotoka kuua ng'ombe na njaa kupunguza watu mwishoni mwa karne ya 19, pori lilirudi juu ya malisho yaliyoachwa, na mbung'o wakafuata pori, wakiwa na nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Charles Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, alianza majaribio Shinyanga katika miaka ya 1920. Kwa kushirikiana na watemi, maelfu ya watu walitoka na mashoka kufyeka vichaka, na moto ukawashwa kwa mpango mwishoni mwa kiangazi ili uunguze vizuri. Makao ya utafiti wa mbung'o yakawekwa Old Shinyanga, umbali mfupi tu kutoka hapa Kolandoto.

Katika kituo hicho alikuwapo mtaalamu wa mimea, Bernard Burtt. Kazi yake ilikuwa kujibu swali moja: mbung'o gani hupenda kichaka gani? Ili kulijibu ilimbidi aujue kila mti, kila kichaka na kila mmea unaotambaa, katika luseni, yaani mchanga wa vilimani, na katika mbuga, yaani udongo mweusi wa mabondeni. Alikusanya vielelezo kwa wingi sana. Jina lake limebaki katika mimea ya nchi yetu: kuna Burttia prunoides na Baphia burttii, yote miwili ya vichaka vizito vya Itigi. Juni 1938 Burtt na Swynnerton walikufa pamoja katika ajali ya ndege karibu na Singida. Mwongozo wa Burtt wa kutambua miti na vichaka vya Tanganyika ulichapishwa mwaka uliofuata, na andiko lake juu ya uoto wa Afrika Mashariki likatoka mwaka 1942.

Habari ya Burtt hunigusa kuliko nyingine zote. Alikuwa akiorodhesha pori katika miaka ile ile ambayo pori lilikuwa likifyekwa. Kitu kilitambuliwa ili kijulikane kama ni cha kuondolewa au cha kuachwa. Sitaki nieleweke vibaya: nimeuguza watu, na najua ugonjwa wa malale si jambo la kuchezea. Mbung'o walikuwa wakiua, na wazee wetu walishika mashoka kwa kuwa walitaka ng'ombe wao na watoto wao waishi. Lakini ufyekaji haukuishia kwenye mbung'o. Pamba ilitaka mashamba, ng'ombe waliongezeka, kuni zilihitajika, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikahamisha watu na kuwatenga na ngitili zao, yaani malisho yao ya akiba. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa wazi, na watu wakaiita jangwa la Tanzania. Mtoto aliyezaliwa wakati huo alikua bila kujua kuwa mabonde yale yaliwahi kuwa na maua ya pori.

Wakati pori likifyekwa, dunia ililifahamu jina la Shinyanga kwa ajili ya ua moja tu, nalo ni la mawe. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua almasi Mwadui, jirani zetu hapa. Mwaka 1947 lilipatikana jiwe la rangi ya pinki lenye karati 54.5, akampa binti mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya ndoa. Lilikatwa London likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 kampuni ya Cartier ikalitia katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua, petali zake zikiwa almasi nyeupe. Ni kazi nzuri ya mikono, sina ubishi. Ila ua lililoigwa ni nasisi wa bustani za Ulaya, ambaye hajawahi kuota katika ardhi iliyolitoa jiwe. Maua ya Mwadui yenyewe hakuna sonara aliyeyatazama.

Katika miaka hiyo hiyo, upande wa Kenya, mwanamke mmoja alikuwa akionyesha kuwa maua ya Afrika Mashariki yanatosha kumshughulisha mchoraji miaka na miaka. Joy Adamson, ambaye wengi wanamkumbuka kwa simba Elsa, alizaliwa mwaka 1910 Troppau, mji ulioko Cheki ya leo, akafika Kenya mwaka 1937. Mume wake wa wakati huo, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea, naye ndiye aliyemtia moyo aanze kuchora maua katika safari ya utafiti kwenye vilima vya Chyulu mwaka 1938. Alichora mamia ya mimea, ya pori na ya bustani, na picha zake zikatumika katika kitabu cha Jex-Blake cha ukulima wa bustani za Afrika Mashariki. Mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kikampa medali ya dhahabu ya Grenfell. Mkusanyiko wake umehifadhiwa Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Nalitaja hilo kwa furaha: mwanafunzi wa Kenya anaweza kuzifikia picha za maua ya nchi yake bila kuvuka bahari.

Bustani zetu nazo zina historia ukizikagua vizuri. Bogonvilia inayopanda juu ya ukuta wangu asili yake ni Brazili. Mkrismasi, mti unaowaka mwekundu kila Desemba, ni wa Madagaska. Jakaranda imetoka Amerika Kusini, na zinia imetoka Meksiko. Nyingi zililetwa na wamisionari, maofisa wa serikali na wafanyabiashara wa Kihindi waliotaka uzuri waliouzoea, kisha mama zetu wakaomba kipande cha tawi, wakakichomeka kwenye kopo la rangi lililoisha, kikashika. Lile ua la petali tano, la pinki au jeupe, ambalo halijali ukame na limejaa milangoni mwa watu, nalo ni la Madagaska, na ndilo lililotoa vinkristini na vinblastini, dawa za saratani zinazotumika hadi leo kutibu hata watoto wenye saratani ya damu. Nililichora mapema kuliko mengi, kwa heshima ya kazi yangu ya zamani.

Lakini ua ninalolipenda kupita yote ni letu wenyewe: mkalamu, ambao kitaalamu ni Gloriosa superba. Niliupanda kandoni mwa uzio kutoka kiazi kilichofukuliwa shambani wakati wa kulima. Kiangazi chote hauonekani. Mvua za Novemba zikishika, unachomoza, unatambaa, na ncha za majani mengi zinajikunja zikishika chochote kilicho karibu. Ua lake lina petali sita ndefu zenye kingo za mawimbi, zimepinda kuelekea juu na nyuma, huku nyuzi sita za chavua zikitanuka pembeni chini yake. Ukilitazama kwa haraka hutagundua kwamba ule uzi wa kike hautoki wima. Umekata kona kabisa tangu unapoanzia, ukaelekea upande mmoja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelitazama ua hilo tangu utotoni, na kona hiyo niliiona siku penseli ilipolazimika kuifuata.

Rangi zake zinataka uvumilivu. Ua changa ni la kijani kinachoelekea njano. Siku zinavyopita, wekundu unaanzia juu ukishuka, na chini unabaki mstari wa njano, hadi ua zima linakuwa jekundu lililoiva. Basi huwezi kulichora mara moja ukamaliza. Mimi huchora ua moja lile lile katika hatua zake, zikiwa zimepangana kwenye ukurasa mmoja. Naanza na njano ya majimaji, naiacha ikauke, jambo ambalo kwa hewa ya Shinyanga halichukui muda, kisha nashusha nyekundu kutoka ncha kwa brashi yenye maji kidogo. Karatasi ya kaunta buku hujikunja ikilowa sana, kwa hiyo nimejifunza kutumia maji kwa kipimo. Pembeni naandika kwa kalamu ya wino: sumu, watoto wasiguse kiazi. Kolchisini iliyomo ndani yake inaweza kuua, ingawa dawa hiyohiyo kwa kipimo cha daktari hutibu jongo. Picha isiyo na onyo hilo ingekuwa picha pungufu kwa muuguzi.

Kuhusu pori, mambo yalianza kubadilika mwaka 1986, serikali ilipoanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Waliofanikisha kazi hiyo hawakuanza na miche ya kigeni peke yake; walirudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili ng'ombe wapate chakula kiangazi. Ardhi ikifungwa, visiki na mbegu vilivyomo chini vinachipua vyenyewe. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zikijulikana zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000, na mwaka 2002 HASHI ikapewa Tuzo ya Ikweta mjini Johannesburg. Mradi ulifungwa mwaka 2004. Ngitili zimebaki mikononi mwa familia, vijiji na shule.

Jambo moja katika ushindi huo tusilisahau. Ngitili zilirudi kwa sababu wazee walikuwa bado hai na walikumbuka. Walijua mti gani ulikuwa wapi, upi unafaa ng'ombe, upi unafaa nyuki. Je, ingekuwaje kama upotevu ule wa pori ungetukuta miaka thelathini baadaye, wazee wale wakiwa wameshaondoka? Vielelezo vya Burtt na orodha ya Grant vingetupa jina la Kilatini. Mzizi wa kuchemshia tumbo la mtoto visingetueleza.

Namhala mmoja, yaani mzee, jirani yangu, aliniona nachora ua la mbuyu lililokuwa limeanguka. Akacheka kidogo, akaniambia, “Mayu, hilo umelichelewa. Ng'wandu hufungua ua lake jioni, popo wakaja. Mnaolala mapema hamlijui.” Jioni ile alinipeleka mwenyewe. Tulisimama chini ya mbuyu jua likizama, na petali nyeupe zikajikunjua mbele ya macho yetu, na ndani yake mpira wa nyuzi za chavua zisizohesabika. Nilichora kwa tochi. Weupe haupakwi, unaiacha karatasi ilivyo na kutia kivuli cha kijivu kilichochanganywa na kijani kidogo pembeni. Asubuhi petali zilikuwa zimeshaanza kusawijika rangi ya kahawia. Katika ukurasa ule nimeandika jina la namhala huyo, kwa ruhusa yake, kuwa ndiye mwalimu wangu. Hilo ndilo ambalo madaftari ya zamani hayakulifanya.

Mwaka 2012 wataalamu walikamilisha kuchapisha orodha ya mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda, kazi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952, yenye spishi zaidi ya 12,000. Hebaria ya taifa letu ipo Arusha. Sayansi, basi, imefanya sehemu yake, nasi tubaki na yetu, ambayo hakuna mtaalamu wa Kew atakayetufanyia.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa shule za msingi na sekondari kuanzia Kolandoto hadi Kahama na Geita: kila darasa liwe na daftari moja la maua. Hazihitajiki rangi za gharama. Penseli na rangi za watoto zinatosha kuanzia. Kila ukurasa uwe na picha iliyochorwa kwa kutazama ua lenyewe, na si kwa kunakili kutoka kwenye simu. Chini yake yaandikwe mambo matano: jina kwa Kisukuma au lugha ya nyumbani, mahali na aina ya udongo, tarehe lilipochanua, matumizi au madhara yake, na jina la aliyekufundisha. Daftari likijaa, libaki shuleni, na lingine lifunguliwe. Nanyi wazazi mnaosoma makala hii, mtoto akija na ua mkononi akauliza linaitwaje, msimwambie ni jani tu. Kama hamjui, mpelekeni kwa bibi yake leo, wakati bado yupo.